Virutubisho vya ziada Nkombo: Faida iko kwenye hesabu, si kwenye wingi wa vidonge

Katika kisiwa cha Nkombo, ndani ya Ziwa Kivu wilayani Rusizi, mama mjamzito anaweza kupata madini ya chuma kupitia milango mitatu kwa wakati mmoja. Mlango wa kwanza ni kliniki ya wajawazito katika kituo cha afya, anakopewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki. Wa pili ni Shisha Kibondo, unga ulioongezwa vitamini na madini ambao tangu 2017 serikali imekuwa ikiutoa bure kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wa familia zenye kipato duni. Wa tatu ni soko: chupa ya "vitamini za kuongeza damu" iliyonunuliwa Kamembe, au iliyovuka kutoka Bukavu ndani ya kikapu pamoja na nguo na sabuni.

Milango miwili ya kwanza ina daftari. Muuguzi huandika tarehe, idadi ya vidonge na uzito wa mama. Mlango wa tatu hauna daftari lolote. Muuzaji haulizi kilichokwisha kumezwa asubuhi, na muuguzi naye mara nyingi haambiwi kilichonunuliwa sokoni. Hatari kubwa ya virutubisho vya ziada katika eneo hili la mpakani imejificha hapo: kila mmoja anatoa, na hakuna anayejumlisha.

Hofu nayo ina madhara

Kabla ya kuzungumzia madhara, ni lazima jambo moja liwekwe wazi. Uchambuzi huu haumshauri mama yeyote aache vidonge alivyopewa kliniki.

Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2019/20 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Miaka mitano kabla yake kiwango hicho kilikuwa asilimia 38. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa umri huo walikuwa na upungufu wa damu. Mama mwenye upungufu mkubwa wa damu huingia chumba cha kujifungulia akiwa na akiba ndogo ya kukabiliana na kutokwa damu, na kwa mkazi wa kisiwani, ambako rufaa ya hospitali huanza kwa safari ya majini, akiba hiyo ina uzito wa pekee.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Ndiyo maana pia watoto hupewa matone ya vitamini A kwa vipindi, na wale wa miezi 6 hadi 23 hupewa pakiti ndogo za unga wa virutubishi unaojulikana kwa Kinyarwanda kama Ongera Intungamubiri. Programu hizi zina vipimo, umri na muda maalumu. Anayezikimbia kwa sababu amesikia kwamba "vitamini zinaua" anajiweka katika hatari kubwa zaidi kuliko ile anayoikimbia.

Kwa Kiswahili bidhaa hizi tunaziita virutubisho vya ziada, na neno "ziada" lina maana mbili. Linaweza kuwa kile kinachojaza palipopungua, na linaweza kuwa kile kilichozidi mahitaji. Usalama wa virutubisho hutegemea ni ipi kati ya maana hizo inayomhusu mtu anayemeza.

Somo kutoka Pemba

Ushahidi mzito zaidi kuhusu jambo hili haukutoka Ulaya wala Marekani. Ulitoka Pemba, Zanzibar, kisiwa kingine cha wavuvi na wakulima.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliandikisha huko zaidi ya watoto 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35. Baadhi walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, na wengine walipewa kidonge kisicho na dawa ili kulinganisha. Matarajio yalikuwa kwamba watoto waliopewa chuma wangekuwa na afya bora. Agosti 2003 sehemu hiyo ya utafiti ilisitishwa. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 12, wa kufariki au kulazwa hospitalini kwa ugonjwa mkali. Wakati ule Pemba ilikuwa eneo lenye malaria nyingi.

Maelezo ya kitaalamu si magumu kuyafuata. Chuma hujenga damu ya mtoto, lakini vimelea vya malaria na baadhi ya bakteria nao hukihitaji ili kuzaliana. Mtoto asiye na upungufu anapoongezewa chuma huku malaria ikiwa haijadhibitiwa, sehemu ya msaada huo inaweza kumnufaisha adui.

Utafiti huohuo ulikuwa na upande wa pili, ambao mara nyingi husahaulika mitaani. Katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, ambako malaria iligunduliwa na kutibiwa mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika walipopewa chuma. Kidonge kilikuwa kilekile. Tofauti ilikuwa hali ya mtoto anayekimeza na huduma iliyomzunguka.

Kutokana na ushahidi wa aina hiyo, mwongozo wa WHO wa 2016 unasema kwamba katika maeneo yenye malaria, watoto wapewe chuma sambamba na hatua za kuzuia, kupima na kutibu ugonjwa huo. Kwa mkazi wa Rusizi hilo lina maana ya vitendo. Chandarua chenye dawa na kipimo cha haraka cha malaria kinachofanywa kijijini na wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaoitwa abajyanama b'ubuzima, ni sehemu ya usalama wa pakiti ya Ongera. Mama anayenunua chuma cha maji sokoni kwa ajili ya mtoto mwenye homa, bila kipimo, amechukua kidonge na kuacha kinga yake.

Dar es Salaam: kipimo kikubwa zaidi, faida ileile

Mfano wa pili unatoka Dar es Salaam, ambako uhusiano kati ya vitamini na virusi vya UKIMWI umechunguzwa kwa miaka mingi. Kuanzia 1995, wanawake wajawazito 1,078 wanaoishi na VVU walishiriki utafiti uliolinganisha aina za virutubisho. Mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulileta faida: ulipunguza mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na baadaye ilibainika kuwa ulichelewesha ugonjwa kukua. Vitamini A haikuleta faida hizo. Kinyume chake, iliongeza uwezekano wa virusi kupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Vyote viwili huitwa "vitamini" dukani.

Miaka kadhaa baadaye swali likawa jingine: je, kwa watu wanaoanza dawa za kufubaza virusi, kipimo kikubwa cha vitamini ni bora kuliko kipimo cha kawaida? Watu zaidi ya 3,400 walishiriki. Utafiti ulisimamishwa mwaka 2009, kabla ya wakati uliopangwa, kwa sababu kundi la kipimo kikubwa lilionyesha ongezeko la kimeng'enya cha ALT, ambacho ni ishara ya ini kuelemewa. Kwa upande wa maendeleo ya ugonjwa na vifo, kipimo kikubwa hakikuleta nafuu iliyozidi ile ya kipimo cha kawaida.

Wanaotumia dawa za VVU wana tahadhari nyingine ya kuzingatia. Dolutegravir, ambayo leo imo katika mchanganyiko unaotumiwa na wagonjwa wengi wa eneo letu, hushikwa tumboni na chuma au kalisiamu, na hivyo kiasi kinachoingia mwilini hupungua. Kanuni ya kawaida ni kumeza dawa ya VVU saa mbili kabla ya kirutubisho au saa sita baada yake, au kuvimeza vyote pamoja na chakula. Antibiotiki kama siprofloksasini na doksisaiklini nazo hupoteza nguvu zikimezwa pamoja na madini hayo. Asiyesema kliniki kwamba anatumia chupa ya sokoni anaweza kudhani dawa zimemshinda, kumbe zimezuiwa njiani.

"Vitamini" isiyo vitamini

Mlango wa tatu una tatizo kubwa kuliko wingi wa vidonge: kilichoandikwa kwenye chupa huenda si kilichomo, au huenda ni sehemu tu ya kilichomo.

Mfano unaojulikana ni sharubati za kunenepesha. Mwaka 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya umma kuhusu Apetamin, sharubati inayotangazwa kama vitamini ya kuongeza hamu ya kula na kujaza mwili. Ndani yake, pamoja na vitamini, mna siproheptadini, dawa ya mzio ambayo huleta usingizi mzito na kizunguzungu, na imehusishwa na madhara kwa ini. Nchini Kongo, wapo wanaomeza pia deksamethasoni ili wanenepe. Hiyo ni dawa ya hospitali yenye nguvu. Ikitumiwa kiholela hupandisha sukari na shinikizo la damu na kudhoofisha kinga ya mwili. Aliyeitumia kwa muda mrefu hapaswi kuiacha ghafla, bali aende hospitali apunguziwe kwa utaratibu. Uvimbe wa uso unaosifiwa kuwa ni afya unaweza kuwa dalili ya sumu.

Bidhaa za "nguvu za kiume" nazo zimenaswa mara nyingi katika nchi mbalimbali zikiwa na sildenafili iliyofichwa chini ya jina la mitishamba. Kwa mzee anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti, mchanganyiko huo unaweza kushusha shinikizo la damu kwa kiwango cha kuua.

Hapa nchini, mamlaka ya Rwanda FDA, iliyoundwa kwa sheria ya 2018, ndiyo yenye jukumu la kusajili na kukagua bidhaa za aina hii. Ng'ambo ya ziwa, Kongo ina mamlaka yake, ACOREP. Lakini kifurushi kinachopita kwa mtumbwi, au kinacholetwa na mgeni mlangoni, hakipiti kwa mkaguzi yeyote kati yao. Wala sifa ya kwamba "imetoka Marekani" si kinga. Chini ya sheria ya Marekani ya 1994, virutubisho vya ziada huingia sokoni bila serikali kuthibitisha kwanza usalama na ufanisi wake; mara nyingi mamlaka huingilia baada ya tatizo kujitokeza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chupa inayobishiwa hodi nyumba kwa nyumba inastahili kuulizwa maswali.

Kusoma lebo

Lebo zinazofika Rusizi mara nyingi zimeandikwa kwa Kifaransa, Kiingereza au Kichina, na msomaji wa Kiswahili huachwa na tarakimu peke yake. Mambo matatu yanafaa kukumbukwa.

Kwanza, miligramu moja ni sawa na mikrogramu 1,000. Asidi ya foliki mikrogramu 400 ni miligramu 0.4. Anayechanganya vipimo hivi viwili hukosea mara elfu.

Pili, uzito wa kidonge si uzito wa chuma kilichomo. Kidonge cha feri salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma halisi. Kiasi hicho cha chuma halisi ndicho cha kulinganishwa na ushauri wa muuguzi.

Tatu, alama ya "UI" kwenye lebo ya Kifaransa na "IU" kwenye lebo ya Kiingereza ni kitu kimoja: kizio cha kimataifa, kinachotumika hasa kupimia vitamini A, D na E. Kwa vitamini A, mjamzito hapaswi kuzidisha vizio 10,000 kwa siku, kwa kuwa kiasi kikubwa, hasa miezi ya mwanzo ya mimba, kinaweza kumletea mtoto ulemavu wa kuzaliwa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano hupewa vizio 200,000 kwa mkupuo mmoja, lakini dozi hiyo hurudiwa baada ya miezi minne hadi sita na huandikwa kwenye kadi. Mwili huihifadhi kwenye ini. Anayeongeza matone mengine nyumbani anajaza pipa lililokwisha kujaa.

Usiku kisiwani

Kuna hali moja ambayo kila nyumba ya Nkombo inapaswa kuijua mapema, kwa sababu inapotokea hakuna muda wa kuuliza.

Vidonge vya chuma vya mama mara nyingi huwa vyekundu au vya rangi ya kuvutia, vitamu kwa nje, na mtoto huvidhania peremende. Mtoto wa kilo 10 akimeza vidonge vinne vyenye miligramu 60 za chuma kila kimoja, amevuka kiwango ambacho dalili za sumu huanza kuonekana. Akimeza kumi, yuko katika hatari ya kifo. Marekani, ambako sumu ya chuma iliwahi kuua watoto wengi, ilianza mwaka 1997 kulazimisha onyo maalumu kwenye vidonge hivyo.

Sumu hii ina hila. Saa chache za mwanzo mtoto hutapika na kuharisha, pengine damu. Kisha, kati ya saa 6 na 24, anaweza kuonekana amepata nafuu, hata akacheza. Nafuu hiyo ni ya uongo, maana chuma kinaendelea kuharibu ini na moyo. Mzazi wa mjini anayedanganyika anaweza kurekebisha kosa lake kwa kukodi pikipiki. Mzazi wa kisiwani aliyeahirisha safari ya majini hadi asubuhi huenda akawa amechelewa. Kwa hiyo mtoto aliyemeza vidonge vya chuma apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama anacheka, na pakiti ichukuliwe ili wahudumu wahesabu vilivyobaki. Asitapishwe kwa nguvu. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 912. Na kinga ni rahisi: vidonge vikae juu, mahali palipofungwa, wala visihamishiwe kwenye chupa ya soda au mfuko wa sukari.

Madhara ya kawaida

Si kila usumbufu ni sumu. Mama anayemeza vidonge vya chuma anaweza kupata choo cheusi, kufunga choo, kichefuchefu au kiungulia. Choo cheusi kwa kawaida si hatari, na hakimpi mtu sababu ya kuacha dawa. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa baada ya chakula au wakati wa kulala. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo kikombe cha chai ya Shagasha kisubiri angalau saa moja. Tunda lenye vitamini C, kama chungwa au pera, husaidia. Unga wa Ongera uchanganywe na chakula kilichopoa kiasi, pakiti moja kwa siku, wala usichemshwe.

Dalili zinazotaka hospitali haraka ni macho kuwa ya njano, mkojo wa rangi ya kahawia nzito, kutapika kusikokoma, maumivu makali ya kichwa, vipele vyenye kuvimba midomo, au kupumua kwa shida.

Daftari la nne

Suluhisho halihitaji kiwanda wala bajeti mpya. Linahitaji swali moja liingie katika kila hudhurio la kliniki: "Mama, unameza nini kingine?" Liulizwe bila kukaripia, na kwa lugha anayoielewa, iwe Kinyarwanda, Kinyankombo au Kiswahili. Anayekaripiwa huficha chupa, na chupa iliyofichwa haijumlishwi. Mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki kwa ajili ya bidhaa za sokoni ungeipa milango yote mitatu daftari moja.

Kwa upande wake, mwenye nyumba anaweza kujiuliza maswali manne kabla ya kufungua chupa: Nani alipima akaona nimepungukiwa? Ni nini ninachokipata tayari kutoka kliniki au kwenye unga? Je, kinagongana na dawa ninazotumia? Kina namba ya usajili, tarehe ya mwisho na lebo ninayoweza kusomewa? Jibu likikosekana, chupa ipelekwe kituo cha afya kabla ya kumezwa.

Na chakula kisisahaulike. Sambaza, waliopandikizwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa wazima, na miili yao midogo ina protini, kalisiamu, chuma na zinki. Familia inayouza samaki wote ili inunue chupa ya vitamini ingefaa ipige hesabu upya.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ya mama na mtoto ni mali ya aina hiyo.